MAISHA YA NIELS BOHR, MLINDA LANGO ALIYEFUMBUA FUMBO LA HAIDROJENI

Ukimuuliza mtu wa hapa Eldoret anajua nini kuhusu nchi ya Denmark, bila shaka atakutajia Wilson Kipketer. Mwanariadha huyo mzaliwa wa upande wa Kapsabet alisoma St. Patrick's Iten, akaenda Copenhagen mwaka 1990 kusomea mambo ya elektroniki, na mwaka 1997 akiwa amevaa rangi za Denmark akakimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 41.11. Rekodi hiyo ilikaa miaka 13 mpaka David Rudisha alipoivunja mwaka 2010. Lakini leo siandiki habari za mbio. Naandika habari za Mdenmark mwingine, aliyekufa zamani, ambaye sisi wanafunzi huichora kazi yake karibu kila wiki bila hata kumtaja jina.

Mwaka jana katika kidato cha pili tulifunzwa muundo wa atomu. Katikati unaweka kiini, halafu unazungushia duara moja, la pili, la tatu, na juu ya duara hizo unatia elektroni kama shanga: sodiamu 2.8.1, klorini 2.8.7. Ukikosea idadi unapoteza alama. Siku moja mwenzetu anayeketi nyuma akauliza ni nani aliyeiambia elektroni kwamba lazima ikae juu ya mstari. Darasa zima tuliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alisema swali hilo liliwahi kuulizwa na watu wakubwa kuliko sisi, kisha kengele ikalia. Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta jibu, na huko kutafuta ndiko kulikonikutanisha na Niels Bohr.

Alizaliwa Copenhagen tarehe 7 Oktoba 1885. Baba yake, Christian Bohr, alikuwa profesa wa fiziolojia, yaani elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi. Mama yake, Ellen Adler, alitoka katika ukoo wa Kiyahudi uliokuwa na mali na benki. Kumbuka neno hilo la Kiyahudi, litarudi mbele. Jioni maprofesa wenzake baba walikuja nyumbani kuzungumza, na watoto waliruhusiwa kukaa na kusikiliza mradi wasipige kelele. Niels alikuwa na mdogo wake, Harald, na ndugu hawa walipendana kama chanda na pete.

Wote wawili walicheza kandanda. Harald ndiye aliyekuwa moto wa kuotea mbali: aliichezea Denmark katika Olimpiki ya London mwaka 1908, ile timu iliyoifunga Ufaransa mabao 17 kwa 1 na kurudi nyumbani na medali ya fedha. Baadaye akawa profesa wa hesabu. Niels alikuwa golikipa wa klabu ya Akademisk Boldklub. Inasimuliwa kwamba siku moja walipocheza na timu ya Wajerumani mpira ulikuwa upande wa pili muda mrefu, na ulipopigwa kuja kwake ukabingirika polepole kuelekea golini, yeye hana habari. Mashabiki walipompigia kelele ndipo aliposhtuka. Kumbe alikuwa akifanya hesabu kwenye mwimo wa goli! Nafikiri kwa golikipa wa namna hiyo ilikuwa heri aende maabara.

Jambo lililonishangaza zaidi, na ambalo sisi wa Chama cha Kiswahili tunafaa kulisikia, ni kwamba Bohr hakuwa mtu wa kalamu. Kuandika kulimtesa. Tasnifu yake ya udaktari, aliyoimaliza mwaka 1911, alimsomea mama yake neno kwa neno naye mama akaandika. Alipooa, mwaka 1912, kazi hiyo ikamwangukia mkewe, Margrethe Nørlund. Aliandika makala, akayafuta, akaandika upya, mara nyingine nakala kumi na zaidi. Sisi huandika insha mara moja tu halafu tunakimbilia nyumbani.

Mwaka huo wa 1911 alikwenda Cambridge, Uingereza, kwa J. J. Thomson, yule aliyegundua elektroni mwaka 1897. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Inasemekana alipokutana na Thomson alianza kwa kumwonyesha makosa yaliyomo katika kitabu chake, na unaweza kujua mwenyewe mzee alivyofurahi. Bohr akawa anakaa chumbani akisoma vitabu vya Charles Dickens na kamusi kando yake ili ajifunze lugha. Machi 1912 akahamia Manchester kwa Ernest Rutherford, mtu wa New Zealand, aliyekuwa na sauti kubwa na moyo mkunjufu, na hapo mambo yakaanza.

Mwaka mmoja kabla, Rutherford alikuwa ametangaza kwamba katikati ya atomu kuna kiini kidogo sana na kizito, na elektroni ziko nje yake. Ni picha nzuri, lakini ilikuwa na ugonjwa. Kwa sheria za fizikia zilizojulikana wakati ule, elektroni inayozunguka hutoa mwanga mfululizo, na kila inapotoa mwanga inapoteza nishati. Maana yake ingezunguka ikikaribia kiini kama maji yanayoingia kwenye tundu la beseni, na ingeangukia kiini katika muda usiofika hata sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Atomu zote zingekuwa zimekwisha zamani. Meza hii ninayoandikia isingekuwako, wala mimi. Lakini meza ipo. Basi ama Rutherford alikosea, ama sheria zilikuwa na kasoro. Bohr, kijana wa miaka 26 asiyejulikana na mtu, akaamua kuwa Rutherford yuko sawa na sheria ndizo zenye kasoro.

Hapa inabidi nimwache kidogo nizungumze juu ya mwanga. Umewahi kuona chumvi ikimwagika kwenye moto wa jikoni? Moto hugeuka manjano ghafla. Hiyo ni sodiamu iliyo ndani ya chumvi. Kila elementi ina rangi zake ambazo haibadilishi, kama alama ya kidole gumba. Ukitia gesi ya haidrojeni katika mrija wa kioo na kupitisha umeme, inang'aa rangi ya waridi. Ukipitisha mwanga huo kwenye prizimu, huoni upinde wa mvua kamili kama tunaouona hapa Uasin Gishu mvua ikianuka. Unaona mistari michache tu na giza katikati: mmoja mwekundu, mmoja wa samawati iliyochanganyika na kijani, na miwili ya zambarau. Urefu wa mawimbi yake ni nanomita 656, 486, 434 na 410.

Kwa nini nambari hizo na si nyingine? Wakubwa wa fizikia walishindwa. Aliyepata kitu ni mwalimu wa hesabu wa shule ya wasichana huko Basel, Uswisi, jina lake Johann Balmer, naye alikuwa na miaka 60. Aligundua kwamba ukichukua nanomita 364.56 ukazidisha kwa 9 na kugawa kwa 5, unapata mstari mwekundu. Ukizidisha kwa 16 na kugawa kwa 12 unapata wa pili. Zidisha kwa 25, gawa kwa 21, wa tatu. Zidisha kwa 36, gawa kwa 32, wa nne. Jaribu mwenyewe na kikokotoo, mimi nimejaribu na zinatoka! Nambari za juu ni 3, 4, 5 na 6 zikijizidisha zenyewe, na za chini ni hizo hizo ukitoa 4. Balmer alichapisha hesabu yake mwaka 1885, mwaka ule ule Bohr aliozaliwa, na akafa mwaka 1898 bila mtu yeyote kujua hesabu hiyo ina maana gani.

Bohr alikuwa hajawahi kuitilia maanani. Februari 1913, akiwa amerudi Copenhagen na anahangaika na atomu yake, rafiki yake Hans Marius Hansen alimuuliza kama nadharia hiyo inaweza kueleza mistari ya haidrojeni. Bohr akasema mambo ya mistari ni magumu mno. Hansen akamshauri aitazame hesabu ya Balmer. Bohr alisimulia baadaye kwamba alipoiona tu, kila kitu kilifunguka.

Alichokiona ni hiki. Haidrojeni ina elektroni moja. Elektroni hiyo haiwezi kukaa popote ipendapo. Ina ngazi zake: ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea. Ikiwa kwenye ngazi yake haitoi mwanga hata kidogo, hata sheria za zamani zikisema nini. Inapoangushwa kutoka ngazi ya juu hadi ya chini ndipo inapotoa mwanga, kipande kimoja, chenye nishati iliyo sawa kabisa na tofauti ya ngazi hizo mbili.

Fikiria barabara ya kutoka Iten kuteremka hadi Bonde la Kerio. Matatu ya kawaida husimama popote abiria anapopiga kelele. Sasa fikiria matatu ambayo inaweza kuwa Iten, au Tambach, au Biretwo, na katikati hapana barabara kabisa. Ilikuwa Iten, sasa iko Tambach, basi. Nauli inayolipwa ni ile ya steji mbili hizo, haiwezi kuwa pungufu wala zaidi. Mwanga ndio nauli. Kuing'oa elektroni kutoka ngazi ya pili hadi nje ya atomu kunahitaji nishati ya elektroni-volti 3.4, na kutoka ngazi ya tatu kama 1.5. Toa moja kwa nyingine unapata kama 1.9, na hiyo ndiyo nishati ya mwanga mwekundu wa nanomita 656. Kutoka ya nne kuja ya pili ndio ule wa samawati, kutoka ya tano na ya sita ndio zile zambarau. Zile 9, 16, 25 na 36 za mwalimu Balmer zilikuwa nambari za ngazi zikijizidisha, na ile 4 aliyotoa ni ngazi ya pili ambako zote huangukia. Zinazoangukia ngazi ya kwanza hutoa mwanga ambao jicho halioni.

Bohr alimtumia Rutherford makala yake. Rutherford akajibu kwamba ni kazi ya kupendeza, ila ni ndefu mno ipunguzwe, na tena kuna swali zito: elektroni inajuaje mapema itasimama wapi? Niliposoma hapo nilimkumbuka yule mwenzetu wa nyuma ya darasa. Bohr hakuwa na jibu. Kuhusu urefu wa makala alipanda meli hadi Manchester, akaketi na Rutherford jioni nyingi akitetea kila sentensi, mpaka Rutherford akasalimu amri. Makala hayo yalitoka katika sehemu tatu mwaka huo huo wa 1913.

Wengi hawakumwamini. Kisha kukazuka ubishi juu ya mistari fulani iliyoonekana katika nyota na ambayo watu waliihesabu kuwa ya haidrojeni. Bohr alisema hapana, hiyo ni ya heli iliyopoteza elektroni moja. Kwa hesabu yake heli hiyo ilipaswa kuzidi haidrojeni mara 4 kamili. Mwingereza Alfred Fowler akamwambia vipimo vinaonyesha 4.0016, si 4. Bohr akarudi kwenye hesabu, akakumbuka kwamba kiini nacho hutikisika kidogo kwa sababu hakina uzito usio na mwisho, akapiga upya na kupata 4.0016. Habari hizo zilipomfikia Albert Einstein alikiri kwamba ni jambo kubwa mno.

Sasa msomaji, sikiliza maajabu. Kile kipande cha mwanga kinachotoka elektroni ikishuka ngazi ndicho tunachokiita fotoni. Einstein alisema tangu mwaka 1905 kwamba mwanga wenyewe husafiri kwa vipande. Ungedhani Bohr ndiye wa kwanza kumuunga mkono. Wapi! Alikataa katakata kwa zaidi ya miaka kumi. Alikubali kwamba elektroni huruka, lakini mwanga ukishatoka, alisema, ni mawimbi. Wala hakuwa mkaidi bure. Mwanga ukipita kwenye matundu mawili membamba huzimana na kuongezana kama viwimbi vya maji, na vipande vidogo kama changarawe haviwezi kufanya hivyo. Hata ile nanomita 656 ni urefu wa wimbi. Utapimaje wimbi la kitu ambacho si wimbi?

Mwaka 1922 alipewa Tuzo la Nobel, na mwaka huo huo Einstein alitangaziwa lake la 1921 ambalo lilikuwa limecheleweshwa. Mwaka uliofuata Einstein akaja Copenhagen. Bohr akampokea steshenini, wakapanda tramu kwenda nyumbani, wakaanza kubishana na wakapita steji yao. Wakashuka, wakapanda ya kurudi, wakapita tena. Walikwenda na kurudi mara kadhaa huku abiria wakiwatazama. Hao ndio waliokuwa na akili kuliko watu wote wa zama zao!

Mwaka 1924 Bohr alifika mbali zaidi. Pamoja na vijana wawili, Kramers na Slater, aliandika kwamba pengine nishati haihifadhiwi katika kila tukio moja moja la atomu, ila kwa wastani tu. Yaani alikuwa tayari kuitupa sheria tunayoikariri sote kuliko kuikubali fotoni. Mwaka 1925 Walther Bothe na Hans Geiger huko Berlin walipima mionzi ya eksirei ikigonga elektroni, wakakuta mionzi na elektroni hutoka kwa wakati mmoja. Bohr alikuwa ameshindwa. Aliandika kwa marafiki zake akakubali mara moja, akataka nadharia yake izikwe kwa heshima. Mwaka 1926 jina fotoni likaanza kuenea, na tangu hapo Bohr akafundisha kwamba mwanga ni wimbi na ni chembe, kulingana na unavyoupima, na huwezi kuziona sura zote mbili kwa kipimo kimoja.

Na zile duara? Zilikufa wakati huo huo. Taasisi yake iliyofunguliwa Copenhagen mwaka 1921 ilijaa vijana, na mmoja wao, Werner Heisenberg, mwaka 1925 alitunga fizikia mpya isiyo na njia ya elektroni kabisa. Bohr hakulia. Aliwasaidia kuibomoa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Ngazi zilibaki na nambari zilibaki, lakini mstari wa kuzungukia ukaondoka. Kwa hiyo duara tunazochora zilipitwa na wakati kabla nyanya yangu hajazaliwa, na bado tukikosea tunapoteza alama.

Mwaka 1934 alipata msiba mkubwa. Mwanawe wa kwanza, Christian, alisombwa na wimbi baharini kutoka kwenye mashua yao, na baba yake yumo.

Mwaka 1940 Wajerumani waliivamia Denmark. Septemba 1943 Bohr alipata habari kwamba atakamatwa, kwa sababu mama yake alikuwa Myahudi. Yeye na Margrethe walivuka usiku kwa mashua hadi Uswidi. Huko hakukimbilia usalama wake tu. Aliwaendea wakubwa wa Uswidi, akaonana na mfalme wao, akaomba Uswidi itangaze wazi kwamba itawapokea Wayahudi wa Denmark. Tangazo likatolewa redioni, na wavuvi wa Denmark wakawavusha Wayahudi zaidi ya 7,000. Yeye mwenyewe alipelekwa Uingereza akiwa amelazwa mahali pa mabomu katika ndege ndogo ya vita. Kofia yenye visikizio haikumtosha kichwa, hivyo hakusikia rubani akimwambia avae oksijeni, akazimia. Rubani aliposhuka chini Bohr akazinduka.

Huko Marekani alishiriki kutengeneza bomu la atomu akitumia jina la Nicholas Baker, lakini moyo wake haukutulia. Mwaka 1944 alimwendea Winston Churchill kumshauri kwamba siri hiyo isipozungumzwa na mataifa mengine kutakuwa na mashindano ya kutisha. Churchill hakumsikiliza, alimwona mtu wa hatari. Mwaka 1950 alirudia ombi hilo kwa barua ya wazi kwa Umoja wa Mataifa.

Na Einstein, je? Walibishana hadi mwisho. Mwaka 1930 katika mkutano wa Brussels, Einstein alimtegea Bohr mtego: sanduku lenye mwanga ndani, lina tundu ubavuni, na saa inayofungua tundu hilo kwa muda mfupi ili itoke fotoni moja tu. Ukilipima sanduku uzito kabla na baada, utajua nishati ya fotoni, na saa itakuambia wakati, vyote bila kosa, jambo ambalo fizikia mpya inasema haliwezekani. Bohr hakulala usiku ule. Asubuhi alikuja na jibu: sanduku likipimwa husogea, na saa iliyosogea katika mvutano wa dunia hubadilisha mwendo wake. Alikuwa ameitumia nadharia ya Einstein mwenyewe.

Einstein alifariki mwaka 1955. Jioni ya tarehe 17 Novemba 1962, Bohr akiwa nyumbani kwake Copenhagen na miaka 77, alisimama mbele ya ubao akachora. Kesho yake baada ya chakula cha mchana alikwenda kujipumzisha, na moyo wake ukasimama. Ubao ulikutwa vile alivyouacha. Mchoro uliokuwapo ni lile sanduku la Einstein, na saa yake, na tundu la kutolea fotoni moja.